Mfalme Rwabugiri na Miti ya Makao Yake

Katika vilima vya magharibi ya Rwanda, kandokando ya Ziwa Kivu, iko miti ambayo mkulima haikati, ijapokuwa kivuli chake kinamnyima nafasi ya kulima. Ni miti mikubwa ya jamii ya mikuyu, ambayo Wanyarwanda huiita imivumu. Mashina yake yamejipinda na kushikamana kama kamba nene zilizosokotwa pamoja, na watu kadhaa wakishikana mikono wataliona shina moja ni pana kuliko mikono yao. Mgeni aionapo kwa mbali huidhani kuwa ni mabaki ya msitu wa zamani. Lakini sivyo. Miti hiyo ilisimikwa na watu, na tena haikusimikwa ili iwe miti. Ilikuwa nguzo za ua wa mfalme.

Mahali pa namna hiyo huitwa ikigabiro, na pakiwa pengi huitwa ibigabiro. Maana yake ni kiwanja kilichokuwa zamani makao ya mfalme. Katika nchi iliyo upande wa Ziwa Kivu, ibigabiro hutajwa zaidi pamoja na jina moja, nalo ni la Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895. Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, maisha ya mfalme huyo. Tumemchagua kwa kuwa alikuwa askari kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na katika maisha yake yamo mambo ya kusifiwa na mambo ya kuhofiwa. Mtu aliyekabidhiwa silaha yafaa ayapime yote mawili.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Sehemu ambayo kwa miaka mingi iliitwa Cyangugu, na ambayo tangu mwaka 2006 imegawanyika katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, zamani iliitwa Kinyaga. Kaskazini yake limo Ziwa Kivu. Magharibi mto Rusizi hutoka ziwani na kuteremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Mashariki umesimama msitu wa Nyungwe, ulioingizwa mwaka 2023 katika orodha ya urithi wa dunia. Msitu huo una miti mirefu ajabu, mmojawapo ukiwa umuyove, ambao ni wa aina moja na ule mti wa Kilimanjaro uliopimwa na kutangazwa mwaka 2016 kuwa na urefu wa zaidi ya mita 81, mrefu kuliko yote iliyojulikana barani Afrika. Katika siku za Rwabugiri, msitu wa Nyungwe ulikuwa ukuta. Mtu aliyetoka katikati ya Rwanda kwenda Kinyaga alipaswa kuupenya kwa siku kadhaa za baridi na giza, au kuuzunguka.

Kwa sababu ya ukuta huo watu wa Kinyaga waliishi mbali na mkono wa ikulu. Walimjua mfalme wa Rwanda na kumpelekea zawadi, lakini mambo yao ya kila siku waliyaamua wao wenyewe kwa wazee wa koo. Walioana na watu wa kisiwa cha Ijwi na wa Bushi, ng'ambo ya ziwa, wakabadilishana nao bidhaa. Upande wa kusini vilikuwapo vijifalme viwili, Bukunzi na Busozo, ambavyo wafalme wake walisifika kwa kuleta mvua, na ambavyo vilihifadhi mamlaka yao hadi miaka ya 1920, vilipovunjwa na utawala wa Kibelgiji.

Rwabugiri alikuwa mwana wa mfalme Mutara wa Pili Rwogera, na mama yake aliitwa Murorunkwere. Alitawazwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, akiwa bado kijana mdogo, na kama ilivyokuwa desturi ya Rwanda mama yake akawa malkia mama na kutawala pamoja naye. Wafalme wa Rwanda hawakujichagulia majina ya ufalme. Majina yalifuatana kwa zamu iliyowekwa, na kila jina lilikuwa na kazi yake. Aliyeitwa Yuhi alikuwa mlinzi wa moto na wa amani. Aliyeitwa Mutara alikuwa mfalme wa ng'ombe. Aliyeitwa Kigeli alikuwa mfalme wa vita. Basi kijana huyo alipopewa jina la Kigeli, alikuwa amekwisha kupangiwa maisha yake. Naye aliyafuata kwa bidii ambayo hata washauri wake hawakuitazamia.

Jeshi alilolirithi lilikuwa na utaratibu wa muda mrefu. Watu waligawanywa katika majeshi, kila moja likiwa na jina lake, kamanda wake, ng'ombe wake, na sifa zake zilizotungwa na malenga. Mtu alizaliwa katika jeshi la baba yake. Vijana waliochaguliwa walifundishwa katika itorero: walijifunza kupiga mshale, kutupa mkuki, kukinga kwa ngao, kuruka na kukimbia; lakini pia walijifunza kucheza ngoma, kusema kwa ufasaha, kuvumilia njaa na kuzuia hasira. Mwalimu wa zamani aliona kwamba askari asiyeweza kuutawala ulimi wake hataweza kuutawala mkuki wake. Rwabugiri aliunda majeshi mapya, na lililopendwa naye kuliko yote lilikuwa Ingangurarugo, chini ya Bisangwa, shujaa ambaye habari zake tutazifikia.

Kwa nguvu hizo mfalme alipiga vita zaidi ya kumi katika pande zote. Alikwenda Ndorwa kaskazini, akashambulia Burundi kusini, na mwishoni mwa maisha yake majeshi yake yalifika Nkore, katika nchi ambayo leo ni Uganda. Lakini vita vilivyomchukua muda mwingi zaidi vilikuwa vya magharibi. Alitaka kisiwa cha Ijwi, na baada ya Ijwi alitaka Bushi.

Hapo ndipo Kinyaga ilipoacha kuwa pembe ya nchi na kuwa kambi. Ijwi ni kisiwa kikubwa, na mfalme wake Kabego aliamini kwamba maji ni ngome yake. Watu wa nchi kavu, waliozoea ng'ombe na vilima, hawakuwa mabaharia. Kulifikia shabaha yake Rwabugiri alihitaji mitumbwi, na mtumbwi wa Ziwa Kivu ulikuwa ni shina moja la mti mkubwa lililochimbwa kwa shoka na tezo. Watu wa kandokando ya ziwa, wenye ujuzi wa kuchonga na kupiga kasia, ndio walioubeba mzigo huo. Hatimaye Ijwi ilishindwa, Kabego akauawa, na kisiwa kikawekwa chini ya Rwanda kwa maisha yote ya Rwabugiri.

Mfalme huyo hakukaa mahali pamoja. Hakuwa na mji mkuu mmoja, bali alikuwa na makao mengi, naye alihama kutoka moja hadi jingine pamoja na wake zake, washauri, walinzi na ng'ombe. Alikuwa na makao Sakara upande wa Gisaka, Kageyo kaskazini, Rubengera juu ya ziwa, na Nyamasheke katika Kinyaga. Kila alipokaa, nchi ya jirani ilihisi uzito wake. Kila alipoondoka, mkuu aliyeachwa nyuma alijua kwamba bwana wake anaweza kurudi bila taarifa. Ilikuwa ni njia ya kutawala kwa miguu.

Na sasa tufike kwenye miti. Ikulu ya Rwanda haikujengwa kwa mawe. Ilikuwa nyumba kubwa za mviringo, zilizosukwa kwa matete na nyasi kwa ustadi mkubwa, zikizungukwa na nyua nyingi, ua ndani ya ua. Ili ua usianguke, mafundi walisimika nguzo za miti mibichi, hasa umuvumu, na pamoja nao umuko wenye maua mekundu, ambao Wanyarwanda waliuheshimu kuwa mti wa ulinzi. Umuvumu una tabia yake: ukikata tawi na kulichomeka katika udongo wenye unyevu, halifi. Hutoa mizizi, na katika muda wa majuma huanza kuchipua. Kwa hiyo mfalme alipokuwa akikaa katika ua wake, nguzo za ua huo zilikuwa zikikua kimya kimya pembeni yake.

Mti huo ulikuwa na faida nyingine pia. Gome lake lilibanduliwa, likapondwa kwa nyundo ya mti, likawa nguo iitwayo impuzu. Shina lililobanduliwa likifunikwa vema kwa majani ya migomba huota gome jipya, nalo huweza kuvunwa tena. Waganda hufanya vivyo hivyo kwa mti wao uitwao mutuba. Basi nguzo za mfalme zilikuwa ukuta, zilikuwa kivuli, na zilikuwa ghala la mavazi.

Kutoka katika nyua hizo za ziwani Rwabugiri aliitazama Bushi, ambayo Wanyarwanda waliiita Bunyabungo. Huko ndiko alikoonja uchungu. Bushi ilikuwa na milima, migomba minene na watu waliojua kila njia ya nchi yao. Mahali paitwapo Kanywiriri, jeshi la Rwanda lilipigwa vibaya na mashujaa wengi wakaangamia. Jeshi lililozoea kushinda lilijifunza pale kwamba wingi wa mikuki si kitu katika nchi ambayo wenyeji wameazimia kuitetea. Mfalme alirudi tena na tena kulipiza kisasi, akaua na kuteka ng'ombe, lakini Bushi hakuitawala kwa utulivu hata siku moja. Hata leo, habari zake zikisimuliwa mashariki ya ziwa ni habari za fahari. Zikisimuliwa magharibi ya ziwa na kisiwani Ijwi, ni habari za vilio na za mifugo iliyochukuliwa. Wote wawili wanasema kweli.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Rwabugiri alipunguza nguvu za jamaa kubwa zilizorithi madaraka, akawaweka wakuu aliowateua mwenyewe na ambao aliweza kuwaondoa apendapo. Mtu wa asili ndogo aliyeonyesha ushujaa au utii aliweza kupandishwa juu ya mwana wa mkuu. Wako wanaolisifu jambo hili, na kwa kweli lilifanya ufalme uwe na mkono mmoja. Lakini wakuu hao wapya walikuja Kinyaga bila udugu na watu wa huko. Waliishi kwa kutoza. Katika enzi hiyo ulienea utaratibu wa uburetwa, yaani kazi ya lazima kwa mkuu kama malipo ya kuruhusiwa kulima shamba, na mzigo huo uliwaangukia wakulima. Watu ambao babu zao walilima bila kuomba ruhusa walijikuta wakiomba. Hapo watu walianza kutazamana kwa jicho jipya, huyu akiwa wa kazi na yule akiwa wa kusimamia. Baadaye wakoloni waliuchukua utaratibu huo wakauzidisha, hadi ulipofutwa mwaka 1949, na uchungu wake haukufutika siku ile ile.

Nguvu isiyo na mpaka ilimdhuru hata mwenye nguvu. Mama yake, Murorunkwere, aliuawa katika fitina za ikulu. Masimulizi ya Rwanda yaeleza kwamba mfalme alikuwa ametiwa maneno masikioni juu ya mama yake, na kwamba alipotambua uongo uliotumika aliwageukia watu wa fitina hiyo na kuwaangamiza pamoja na jamaa zao. Tangu hapo hakumwamini mtu kwa moyo wote. Alitembea katikati ya walinzi maelfu, akiwa peke yake.

Miaka ya mwisho ilikuwa mizito. Mnamo mwaka 1891 sotoka iliingia na kuua ng'ombe wengi mno, na katika nchi ambayo ng'ombe alikuwa mali, mahari, heshima na kifungo cha urafiki, msiba huo ulitikisa kila boma. Mfalme alikuwa amewazuia wafanyabiashara wenye bunduki kutoka pwani na Ujiji wasiingie nchini kuteka watumwa, na kwa hilo Wanyarwanda wengi waliokolewa na minyororo. Lakini wageni wa namna nyingine walikuwa njiani. Mwezi wa Mei mwaka 1894 mkuu wa Kijerumani, von Götzen, alifika Kageyo na kumwona. Walibadilishana zawadi, mgeni akaendelea mpaka Ziwa Kivu. Rwabugiri hakujua kwamba huko Ulaya, tangu miaka kadhaa nyuma, nchi yake ilikuwa imekwisha kuwekwa katika fungu la Wajerumani juu ya karatasi. Von Götzen huyo huyo alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905.

Mwaka 1895 Rwabugiri aliteremka tena Kinyaga kujiandaa kwa vita vya Bushi. Hakuvimaliza. Aliugua akiwa safarini ziwani, akafariki karibu na Nyamasheke. Wengine walinong'ona habari za sumu, kama inavyonong'onwa mara nyingi wafalme wafapo ghafula. Jeshi lililokuwa likingoja amri ya kuvuka likageuka kuwa msafara wa matanga.

Alikuwa amejaribu kuizuia fitina ya urithi. Mwaka 1889 alimtawaza mwanawe Rutarindwa atawale pamoja naye, na kwa kuwa mama mzazi wa kijana huyo alikuwa amekufa, akamweka mke wake Kanjogera kuwa malkia mama. Alidhani amefunga mlango. Kumbe amemkabidhi mwizi ufunguo. Kanjogera alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Musinga, na nduguye Kabare alikuwa hodari wa hila. Mwezi wa Desemba mwaka 1896, mahali paitwapo Rucunshu, upande wa Kanjogera ulimshinda Rutarindwa, naye akafa ndani ya moto pamoja na watu wake. Majeshi aliyoyaunda Rwabugiri yalichinjana yenyewe kwa yenyewe, mwaka mmoja tu baada yake.

Mwaka huo huo wa 1896, kabla ya Rucunshu, askari wa Dola Huru ya Kongo wakiongozwa na maofisa wa Kibelgiji walikuwa wamevuka Rusizi na kupiga kambi Shangi, katika Kinyaga. Bisangwa, yule kamanda wa Ingangurarugo, alipelekwa kuwafukuza. Alikwenda na watu waliokuwa hawajapata kukimbia. Walikutana na bunduki. Bisangwa alianguka pale Shangi, na mashujaa wengi pamoja naye, kabla mikuki yao haijawafikia adui. Hawakukosa ushujaa, walikosa habari za silaha ya adui. Na makamanda waliokuwa wamesalia walikuwa wakiangaliana kwa shaka huko ikulu, wakati mgeni yuko mlangoni. Mwaka 1897 Musinga aliwakubali Wajerumani, na uhuru ambao Rwabugiri aliupigania kwa maisha yake yote ukaisha chini ya miaka miwili baada ya pumzi yake.

Ni nini basi kilichobaki? Ijwi ilirudi kwa wafalme wake mara tu alipokufa. Bushi haikutulia chini ya Rwanda. Nyumba za matete ziliozeana, mchwa wakazila, mvua ikasawazisha sakafu. Wahenga wetu husema kwamba penye miti hapana wajenzi. Kwenye ibigabiro methali hiyo ni kweli kwa namna nyingine kabisa. Wajenzi walikuwapo, wakaondoka, na miti ndiyo iliyobaki. Zile nguzo zilizochomekwa ardhini na vibarua ambao majina yao hakuna aliyeyaandika, zimekuwa miti yenye umri wa zaidi ya miaka 125. Mizizi ishukayo kutoka matawini imegusa ardhi na kunenepa ikawa mashina mapya, na nguzo zilizokuwa mbalimbali zimekumbatiana hata huwezi kusema ipi ilikuwa ipi. Ndege huja kula tunda zake na kuzichukua mbegu mbali. Huko Rubengera, mahali hapo bado hutajwa kwa jina la Rwabugiri, na watu huifahamu miti hiyo kuwa kumbukumbu ya enzi yake.

Sisi twaona kwamba askari apitaye penye miti hiyo anayo mambo matatu ya kufikiri. La kwanza, asiikate, wala asikubali ikatwe kwa ajili ya kuni na makaa. Maana kitabu kikichomwa kinaweza kuchapwa tena, bali mti wa miaka 125 hauchapwi. La pili, nidhamu, mafunzo na ushujaa ni vitu vikubwa, na Rwabugiri alikuwa navyo kwa wingi. Lakini vyote hivyo vilianguka kwa mwaka mmoja, kwa sababu ndani ya ua hapakuwa na uaminifu, na nje ya ua hapakuwa na haki. La tatu, mwananchi hamkumbuki mlinzi wake kwa idadi ya vita alivyopigana. Humkumbuka kwa jinsi alivyopita katika shamba lake.

Rwabugiri alisimika nguzo ili watu wasimfikie. Leo ua haupo, na mtu yeyote, awe mkulima, mwanafunzi, mchuuzi aendaye Kamembe au askari aliyetoka zamu, anaweza kuketi pale pale alipoketi mfalme, akapumzika kivulini, bila kuomba ruhusa kwa mtu.